Ndoo ya Watu Wawili

Kwa muda wote niliomjua, Mwalimu alikodi vyumba viwili na kuishi katika kimoja. Vilikuwa vyumba vya mwisho katika ploti ya nyumba za mawe za kupanga kule Satellite, upande wa Riruta, vikitazamana na bomba la maji na kamba ya kuanikia nguo. Katika cha kwanza alilala, alipika na kusahihisha kazi za wanafunzi. Cha pili kilikuwa na kitanda kilichotandikwa shuka nyeupe, kioo cha ukutani, kiti chenye mikono na mkeka mpya uliosimamishwa pembeni ukiwa bado umekunjwa. Kila Jumapili asubuhi alikifungua, akapangusa vumbi, akaacha dirisha wazi hadi adhuhuri, kisha akakifunga tena kwa ufunguo.

"Ni cha mke wangu," aliniambia nilipomuuliza. "Atakuja baada ya mfungo."

Hakusema mfungo upi, nami nilikuwa mgeni katika ploti ile, nikaona si adabu kuuliza zaidi.

Mwenye ploti hakuwa na shida hiyo ya adabu. Alikuwa mama mjane, mzaliwa wa hapo hapo Riruta, mwenye shamba la viazi nyuma ya nyumba na sauti iliyofika barabarani. Miaka ile baada ya uhuru watu walikuwa wanamiminika Nairobi, na kila wiki alikuja mtu langoni kuulizia chumba. Mama aliwarudisha, kisha akaja kusimama mlangoni kwa Mwalimu, mikono kiunoni.

"Mwalimu, hii chumba inalala bure, na huko nje watu wanalala wanne wanne."

"Hakilali bure, mama. Nakilipia."

"Najua unalipa. Nasema inalala bure. Hiyo bibi yako, iko kweli ama ni ya kitabu?"

"Yuko, mama. Yuko Mombasa na mama yangu."

"Basi aje! Na mama yako pia aje. Kwani gari moshi inabeba wanaume peke yake?"

Mwalimu alicheka, akamkaribisha chai ya tangawizi, na mama akainywa akiwa amesimama, kwa sababu kukaa kungekuwa kukubali kwamba mazungumzo yamekwisha.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mama yake Mwalimu alikuwa amepofuka, na hakutaka kutoka katika nyumba yake ya Mji wa Kale ambayo kila ngazi yake aliijua kwa mguu. Mke hakutaka kumwacha mama mkwe. Mwalimu hakutaka kuacha kazi yake ya Nairobi. Kila mmoja alikuwa na haki, hakuna aliyemlaumu mwenzake, na kwa sababu hiyo hakuna kilichosogea. Ploti nzima ilijua swali lililokuwa juu ya maisha ya mtu yule: je, huyu mke atakuja?

Wiki nzima alifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari. Jumamosi mchana alifundisha watu wazima mjini, katika chumba cha ghorofani juu ya duka la vitambaa, nyuma ya River Road. Mimi nilikuwa mwandishi wa habari za mahakamani katika gazeti moja, na nilihitaji somo moja la sayansi ili cheti changu kikamilike. Ndivyo jirani yangu alivyokuwa mwalimu wangu. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Yeye alianza kwa Kiingereza hicho hicho, safi, cha taratibu, na kila alipoona macho yetu yamefifia aliweka chaki chini na kuanza upya kwa Kiswahili cha kwao.

Siku ya kwanza aliweka kitabu juu ya meza akatuuliza ni nguvu gani zinakifanyia kazi.

"Hakuna," akajibu karani mmoja wa benki, kijana mwenye tai nyembamba aliyependa kuwa wa kwanza. "Kimetulia."

Sote tulikubaliana naye. Mwalimu alimwita mbele, akamwambia anyooshe mkono, akamwekea kitabu kile juu ya kiganja. Kisha akaendelea na somo kana kwamba amemsahau. Baada ya muda mkono wa karani ulianza kutetemeka.

"Vipi? Kitabu si kimetulia?"

"Kimetulia, Mwalimu, lakini mimi sijatulia!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alingoja kicheko kiishe. "Meza nayo ndiyo kazi yake hiyo. Dunia inakivuta kitabu chini, meza inakisukuma juu, sawa kwa sawa. Mkiona kitu kimetulia msiseme hakina nguvu yoyote juu yake. Ulizeni ni zipi, na zinalinganaje."

Neno hilo alilirudia mara nyingi hata tukaanza kumtania nalo. Mtu akisinzia darasani, mwenzake alinong'ona: "Mwacheni, nguvu zimelingana." Mwalimu alisikia, akajifanya hakusikia. Alipenda kutaniwa, lakini kwa mbali.

Somo ambalo sitalisahau ni la ndoo. Alijaza maji ndoo ya bati hadi nusu, akapitisha kamba katika mshikio wake, akawaita karani na dada mmoja aliyekuwa akisomea uuguzi. Kila mmoja akashika ncha moja ya kamba. Walisimama karibu, pande mbili za kamba zikaning'inia karibu wima, na ndoo ikainuka bila taabu.

"Nzito?"

"Kidogo tu," akasema dada.

"Haya, rudini nyuma hatua moja kila mmoja. Ndoo isishuke."

Wakarudi. Karani akakaza meno. Wakaambiwa warudi tena. Dada akashika kamba kwa mikono miwili, viatu vikaanza kuteleza kwenye sakafu.

"Mwalimu, umeongeza maji!"

"Nimeongeza saa ngapi, na mimi niko hapa mbele yako?"

"Basi huyu ananivuta!" akasema karani. "Dada, wacha kunivuta!"

"Mimi? Wewe ndiye unanivuta! Kwani umeniona mkokoteni?"

"Mnavutana," akasema Mwalimu kwa upole. "Maji ni yale yale. Lakini kadiri mnavyokaa mbalimbali, nguvu yenu haiendi juu kubeba ndoo. Inaenda kando, kila mmoja kumvuta mwenzake. Mnachoka, na ndoo haijui." Kisha akawaambia wavute mpaka kamba inyooke kabisa, mstari mmoja. Walijaribu, nyuso zikawajaa jasho. Ndoo ilipanda kidogo, lakini kamba haikunyooka. "Na haitanyooka," akasema. "Mkiita Nairobi nzima ije kuvuta, itakatika kabla ya kunyooka. Kamba yenye mzigo lazima iwe na tumbo."

Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Aliposema maneno yale hakuwa akitutazama. Alikuwa akitazama maji ndani ya ndoo yakitulia.

Ploti nayo ilipata somo lake. Mama mwenye ploti alikuwa akianika blanketi, na kamba ilipinda hadi pindo likagusa tope. Alimwita mwanawe wa kiume wakaikaza. Ikapinda tena. Wakaikaza zaidi. Mwalimu alitoka akiwa na kikombe mkononi.

"Mama, usiikaze hivyo. Iache ilegee, tuiinue katikati kwa ufito."

"Mimi nataka kamba inyooke, Mwalimu. Kamba imelala kama mlevi ni aibu."

"Ikiwa na blanketi mbichi haiwezi kunyooka."

"Wacha hayo maneno ya skuli. Vuta, kijana!"

Kijana akavuta. Msumari mkubwa uliokuwa ukutani ulichomoka na kipande cha plasta, ukapita juu ya kichwa cha kuku, na blanketi zote zikaenda chini kwenye tope. Mama alitazama blanketi, akatazama ukuta, kisha akamgeukia Mwalimu.

"Umeiroga!"

Mwalimu alicheka hadi chai ikamwagika. Halafu akakunja suruali, akaingia topeni, akafua zile blanketi pamoja naye hadi za mwisho. Tangu siku hiyo kamba ya ploti iliachiwa tumbo lake, na katikati ulisimama ufito wenye panda. Wageni walipouliza, mama aliwaeleza jambo hilo kwa kirefu, kama kitu alichokivumbua yeye.

Alikuwa mtu wa mwendo mmoja. Asubuhi nyingi alitembea hadi kwenye maduka ya Adams Arcade kabla ya kupanda basi, na siku nyingine alipitiliza Ngong Road yote hadi mjini kwa miguu. Hakuongeza mwendo mvua ilipotisha wala hakupunguza kwenye kilima. Nilipomlalamikia kwamba kutembea naye ni kama kutembea na mshale wa saa, alisema kitu kinachokwenda moja kwa moja kwa kasi ile ile nacho kimetulia, nguvu zake zimelingana vilevile kama za kitabu juu ya meza.

"Kwa hiyo sasa hivi tumetulia?"

"Mimi nimetulia. Wewe unahema."

Mwezi wa mfungo ulikuwa mgumu kwa ploti kuliko kwake. Mwaka wa kwanza mama mwenye ploti alimpelekea bakuli la githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mchana, likarudishwa kwa shukrani nyingi. Siku ya pili akapeleka tena, likarudi. Akakasirika, akatangaza bombani kwamba huyu mtu wa pwani anaogopa chakula cha watu wa bara. Alipoelezwa, alishika mdomo. Kuanzia hapo, jua likizama tu, alikuwa mlangoni na bakuli lake akiita, "Mwalimu, saa imefika, fungua mdomo!" Mwalimu naye alipika futari isiyoweza kuliwa na mtu mmoja: mihogo ya nazi, kaimati, uji wa pilipili manga. Aliiweka yote katika sinia moja kubwa, kama kwao, na kutaka tukae kulizunguka. Sisi tulikuja na sahani zetu. Tulipakua, tukashukuru, tukaenda kula kwenye milango yetu. Hakuna aliyekusudia ubaya, ndivyo tulivyozoea. Lakini nilimwona, jioni baada ya jioni, amebaki ameketi mbele ya sinia lile pana, akila upande wake peke yake, asivuke katikati.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alikuwa mkarimu na hakupenda kutembelewa. Alisema uongo wa mtu mzima ni kusema "nitaona", na mwenyewe alisema "baada ya mfungo" kila mwaka. Shule za Mombasa zilihitaji walimu wa fizikia, sote tulijua. Niliwahi kumuuliza mbona asiombe uhamisho. Tulikuwa tumekaa nje mchana, yeye akimenya chungwa. Alimenya lote kabla ya kujibu.

"Kule mimi ni mtoto wa fulani, mdogo wake fulani. Nikisema jambo barazani, wanatazama kaka yangu kwanza waone kama anatikisa kichwa. Hapa ni Mwalimu tu." Akanipa nusu ya chungwa. "Hiyo nayo ni nguvu, bwana mwandishi. Ndogo, lakini ipo."

Mke nilimwona mara moja tu, katika picha iliyosimama dirishani: mwanamke mwembamba aliyeshika mkono wa bibi kizee, wote wawili wakitazama mahali tofauti. Mwalimu alikwenda kwao likizo, akarudi na halua na madafu kwa ploti nzima, na wiki ile ya kurudi hakuwa mtu wa kuzungumza naye.

Kisha jamaa yake mwenye duka mjini alikuja Satellite mwenyewe, katikati ya wiki, na tulipomwona tu langoni tulijua. Mama yake Mwalimu alikuwa amefariki. Mwalimu alifunga vyumba vyote viwili akaenda zake kituo cha reli.

Alikaa Mombasa hadi arobaini ya msiba ilipopita. Huku nyuma ploti ilishikwa na shughuli ambayo hakuna aliyeiamuru. Kila mtu alikuwa amepiga hesabu ile ile: bibi kizee amepumzika, basi mke sasa ana nafasi ya kuja. Mama mwenye ploti, aliyekuwa na ufunguo wa akiba, alifungua chumba cha pili, akakipaka chokaa kwa mkono wake, akafua mapazia, akauliza kila mtu kama ni kweli wanawake wa pwani hawali viazi. Siku ya kurudi kwa Mwalimu alivaa kitambaa chake cha kanisani, ijapokuwa ilikuwa Alhamisi.

Mwalimu aliingia langoni na mkoba mmoja. Mama alimwamkia, akampa pole, kisha akatazama nyuma yake, barabarani.

"Na yeye?"

"Amebaki, mama."

"Kubaki na nani? Si mzee ameenda?"

"Amebaki na nyumba."

Mama alimpokea mkoba, akatangulia nao hadi mlango wa chumba cha kwanza.

Kesho yake Mwalimu alinieleza, kwa sauti ile ile ya darasani. Mke alikuwa amemwambia: "Wewe umezoea bila mimi, nami nimezoea bila wewe. Ukinitaka, njia unaijua." Hakusema kwa hasira. Alisema huku akichambua mchele.

"Basi nenda," nikasema. "Ndoo imeshatuliwa chini, Mwalimu. Mnaweza kusogeleana sasa. Hakuna mzigo tena."

Alinitazama kama alivyomtazama mwanafunzi aliyekosea lakini karibu apate.

"Mzigo ndio uliotufanya tushike kamba," akasema.

Jioni ile, kabla giza halijaingia, nilimwona akivuka ua na ufunguo wa chumba cha pili mkononi. Mama alikuwa akikamua maji kwenye nguo. Mwalimu akanyoosha mkono.

"Mama, chumba chako. Wape wenye shida."

Mwanamke yule, aliyekitaka chumba kile miaka yote na kukisemea mbele ya kila aliyepita, alipangusa mikono yake kwenye aproni, kisha akairudisha nyuma ya mgongo.

"Kaa nayo kwanza, Mwalimu. Mimi sina haraka."

Akakaa nao. Mkeka ulibaki pembeni. Jumapili dirisha lilifunguliwa na kufungwa kama kawaida. Mimi nilioa, nikahamia upande mwingine wa jiji, na mara ya mwisho kupita Satellite katika miaka ile niliona ufito wenye panda umesimama katikati ya kamba, na shati jeupe moja limeanikwa mbali kidogo nao.

Tulikutana tena mchana mmoja pale Adams Arcade, katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa natoka kununua viatu, nimevaa suti ya kazi. Alikuwa amesimama kivulini, upande usio na kituo, mkoba mmoja mkononi na kikapu kikubwa cha mishikio miwili miguuni. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe lakini shati lilikuwa lile lile.

"Mwalimu! Safari?"

"Safari, bwana mwandishi. Nimestaafu mwezi huu."

"Na vyumba?"

"Nimemrudishia mama funguo zote mbili."

"Safari hii akazichukua?"

"Akazichukua. Akalia kidogo. Kisha akaenda shambani akachimba hivi viazi, nimpelekee mke wangu." Alikitazama kikapu. "Nilimwambia ni vingi mno. Akaniambia mtu ambaye hajamwona tangu azaliwe hawezi kumpelekea vichache."

Niliogopa kuuliza, na nikauliza. "Shemeji anajua unakuja?"

"Nilimpelekea salamu kwamba nitakuja baada ya mfungo."

Sikujizuia. "Mfungo upi, Mwalimu?"

Alicheka, kicheko kile cha siku ya blanketi, ila kifupi. "Huu uliokwisha. Idi ilikuwa juzi."

"Na yeye amesemaje?"

"Hajasema."

Basi la mjini lilikuwa halijafika. Nilimwambia tukisogeze kikapu kituoni, ng'ambo ya barabara. Yeye akashika mshikio mmoja, mimi mwingine, tukakiinua. Kilikuwa kizito, chenye udongo wa Riruta bado kwenye viazi, nami sikutaka kuchafua suruali, kwa hiyo nilitembea nimejitenga nacho, mkono umenyooka upande. Tulipofika katikati ya barabara kiganja kilikuwa kinaniwaka.

"Sogea," akasema Mwalimu bila kunitazama.

"Nini?"

"Sogea karibu. Hubebi hapo. Unanivuta tu."

Nilisogea, mpaka bega langu likagusa lake. Kikapu kikawa chepesi, na kituo kikawa karibu kuliko nilivyotaka.